Siang na Gogo la Mgomba

Siang ni jirani yangu. Kuta zetu ni za mianzi, kwa hiyo hazizuii kitu. Akikohoa nasikia, mwanangu akilia yeye anasikia. Jina lake la ubatizo ni Consorcia, lakini halitumiki ila na padri. Kazi yake ni kusuka mikeka ya majani ya mkadi. Ukipita asubuhi utamkuta ameketi chini, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha juu ya mkeka ili usisogee, vidole vinakwenda vyenyewe na macho yake yako barabarani.

Alizaliwa milimani, upande wa juu wa mkoa wetu wa Antique, akashuka pwani alipoolewa na Dikoy. Dikoy ni mkata miwa. Msimu ukianza anavuka bahari kwenda kisiwa cha Negros, ukiisha anarudi na mkono wa kulia uliovimba. Ndoa zetu nyingi ziko hivyo, mume huja kama mvua na huondoka kama mvua. Walikaa muda mrefu bila mtoto hadi watu wakaanza kuwatajia majani ya kuchemsha. Kisha akaja Arniel. Baada yake hakuja mwingine.

Arniel nilimjua vizuri, maana wakati huo nilikuwa msichana na mama yake alinituma kumlinda alipokuwa akipiga majani ya mkadi ili yalainike. Alikuwa mtoto wa maneno mengi na meno machache. Sisi wote tukipita kwenye mkuyu wa kona ya mto tunainamisha kichwa tunasema hodi, wenyewe, tunapita tu. Mwalimu anasema, dereva anasema, hata mlevi. Arniel alikuwa anapita anapiga mluzi. Siku moja alirudi akasimulia kwamba amecheza na mtoto mweupe pale chini ya mkuyu, na mtoto huyo hakuwa na kile kijifereji kati ya pua na mdomo. Pale pako laini kama yai, alisema. Wenzake wakamwambia huyo ni tamawo, mtu wa wale wasioonekana, na ukila wali wao mweusi huwezi kurudi tena kwenu.

"Hakunipa wali," Arniel akasema. "Alinipa pera. Tena bichi."

Tulicheka. Siang naye alicheka, huku anang'ata jani la mkadi kulipasua.

Mwaka huohuo mto ulijaa. Arniel alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikwenda na wenzake kuangalia magogo yanayoteremka, wenzake wakarudi. Walimtafuta siku mbili, wakampata penye kona, amenasa kwenye mizizi ya mkuyu uleule. Maji yalikuwa yamemfanya vile maji yanavyofanya watu. Sitaandika zaidi.

Walimlaza mezani. Siang aliingia, watu wakampisha. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akagusa shavu kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu kama embe limeiva. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Huyu si wangu. Hili ni gogo la mgomba."

Hakuna aliyemshangaa sana. Kwetu kila mtu amesikia kwamba tamawo wakimtaka mtu humchukua mzima, wakaacha gogo la mgomba lenye sura yake ili ndugu walie na kuzika. Bibi yangu alikuwa na binamu aliyechukuliwa hivyo. Ila watu husema maneno hayo baada ya miaka, jioni, huku wanakula karanga. Siang aliyasema mbele ya maiti.

Akaitwa Lolo Imo, mganga wetu. Alidondosha nta ya mshumaa kwenye bakuli la maji akaisoma. Alisema mtoto yuko kwa tamawo, anacheza, hajala wali wao bado. Anaweza kurudi. Lakini watu wasimwombee sala za marehemu, maana sala hizo zikisemwa mlango unafungwa kwa upande wetu. Na mama apeleke chakula mkuyuni kila Ijumaa, kisichotiwa chumvi, kwa kuwa wale hawagusi chumvi, ili mtoto ale cha kwao asishawishike na cha wenyeji wake.

Dikoy alisikiliza yote. Hakubisha. Alikwenda nyuma ya nyumba akatengeneza jeneza kwa mbao za kitanda chao, akalipeleka makaburini na wanaume wachache. Siang hakwenda. Bibi Turing, anayeongoza sala hapa kijijini, alifika jioni ile na rozari yake na kitabu chake akakaa kwenye benchi kungoja watu. Siang alimletea maji ya kunywa, akamwambia asante kwa kuja, lakini hapa hapana marehemu. Bibi Turing alikunywa yale maji akaondoka.

Ndivyo walivyoanza kuishi.

Kila Ijumaa alichinja au alinunua, akapika, akafunika kwa jani, akaenda. Ili asikosee, aliondoa chumvi nyumbani kabisa. Kila kitu kikawa chapwa, samaki, mboga, uji. Dikoy alipokuwa nyumbani alikuwa anapita kwetu wakati wa chakula, anasimama mlangoni anaulizia hali ya paa letu. Mama yangu anamwambia, "Paa ni zima, Dikoy, kaa ule." Anakaa. Hakuwahi kumsema mkewe vibaya. Mara moja tu alisema kwamba ulimi wake umesahau bahari.

Siang hakulia. Nimeona wanawake waliofiwa na watoto. Wanapiga kifua, wanaanguka, baadaye wanainuka. Yeye hakuanguka. Alisuka. Ukimsalimia anajibu, ukimtania anatabasamu kwa mdomo. Lakini akawa na tabia ya kutazama watu chini ya pua. Sokoni, kanisani, kwenye vyombo vya abiria, mgeni yeyote lazima amkague, kwa sababu tamawo hushuka sokoni kama watu wa kawaida na huenda mmoja angekuja na mtoto. Madereva walimjua. Walikuwa wanainua kidevu akifika.

"Dada Siang, nimenyoa leo, kagua basi."

"Unacho kijifereji," anawajibu. "Ila umekichafua na tumbaku."

Kuna muuza vyungu mmoja kutoka mji wa Iloilo, mwenye masharubu mapana. Siang alisimama mbele yake muda mrefu mpaka yule mtu akaweka chungu chini.

"Mama, unanitaka au nina deni lako?"

"Pandisha masharubu."

Watu walicheka mpaka muuza samaki akakaa chini. Yule mtu akapandisha masharubu kwa vidole viwili, mpole kama ng'ombe. Siang akatazama, akanunua chungu, akaenda zake.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kumkuza mtoto wake akilini. Kulikuwa na mvulana aliyesoma darasa moja na Arniel, mtoto wa mwenye duka. Siang alikuwa akimsimamisha barabarani anampima kwa macho. Akirudi ananiambia kupitia ukutani: sasa Arniel ananifika begani. Sasa sauti yake imeanza kupasuka. Sasa viatu vyangu havimtoshi. Nilikuwa namjibu ndiyo, dada. Niliolewa, nikazaa, na bado nilikuwa nasema ndiyo, dada. Nilipopata mimba yeye ndiye aliyenisukia mkeka wa kulalia mtoto, na Kikay alipozaliwa alimfunulia mdomo wa juu kwanza, kabla ya kumtazama kitu kingine chochote.

Makaburi yetu ni matundu ya saruji yaliyojengwa kwenye ukuta, moja juu ya jingine kama mizinga ya nyuki. Nafasi ni chache. Mtu anapewa miaka mitano, kisha mifupa yake inatolewa, inahamishiwa kwenye tundu la ndugu aliyemtangulia, na tundu linapokea mwingine. Ndivyo ilivyo kwa wote, hata jamaa za padri.

Mwaka huu, Dikoy akiwa nyumbani, Islaw mtunza makaburi alikuja. Alikuwa ameshika kofia. Alisema kuna mzee upande wa sokoni yuko mahututi na jamaa zake wameshaulizia. Tundu la Arniel limetimiza muda. Mimi nilikuwa uani naanika nguo za mtoto, na nikaona Dikoy anamtazama mkewe kabla ya kujibu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Siang hakuacha kusuka. Akasema, "Vizuri. Fungueni. Na watu waje."

Hapo nikaelewa, na nguo ikabaki mkononi. Gogo la mgomba halina mfupa. Likioza linabaki nyuzi tu, nyuzi nyeusi kama nywele za punda. Kwa Siang siku hii haikuwa ya kuhamisha mtu. Ilikuwa siku ambayo kijiji kizima kingeona nyuzi na kukubali kwamba mtoto wake yu hai. Na ikiwa si nyuzi, basi hapakuwa na Ijumaa hata moja aliyomlisha.

Alikwenda kwa Lolo Imo kumuuliza afanye nini na nyuzi hizo. Lolo Imo amezeeka sana sasa na hasikii sikio moja. Alimwambia azichome palepale, moshi ukipanda mtoto atapata njia. Halafu akaanza kukohoa, akasema kifua kinamsumbua, huenda akaenda kwa binti yake mjini kwa muda. Akaenda kweli. Mume wangu alisema kikohozi hicho kina akili kuliko mganga. Nilimwambia anyamaze, ukuta unasikia.

Siku moja kabla ya kufungua, Siang aliniita. Alikuwa amekwisha kuosha chupa ya mafuta ya taa na kuijaza.

"Kesho usimame karibu nami," akasema. "Mimi sitatazama mara moja. Wewe ndiye utaniambia kilichomo."

Nilimwambia kuna Dikoy, kuna mama yangu, wako watu wazima. Mimi ni nani.

"Wewe una mtoto," akasema. "Mwenye mtoto hasemi uongo juu ya mtoto wa mtu."

Usiku ule sikumwambia mume wangu. Nilimnyonyesha Kikay, nikawa najipangia maneno. Yote niliyoyapanga yalikuwa mabaya.

Asubuhi tulikwenda kwa miguu. Mbele Siang na chupa yake na kibiriti, nyuma Dikoy na mfuko wa kamba begani, kisha mimi na mtoto mgongoni, kisha watu. Hawakuwa wachache. Mwenye duka alifunga duka. Kulikuwa na watoto wanaokula karanga na hakuna aliyewafukuza. Bibi Turing naye alikuja, akasimama mbali chini ya mwavuli, bila kitabu.

Islaw alikuwa ameshaanza kupiga patasi. Saruji ilidondoka vipandevipande. Kila akipiga, Kikay alishtuka mgongoni. Nilitegemea harufu, hapakuwa na harufu, vumbi tu, lile la nyumba iliyofungwa. Mbao za kitanda zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka zimekuwa kama biskuti. Islaw akaingiza mkono na fimbo yenye ndoano, akasema, "Sogea, mama, vumbi litakuingia." Siang hakusogea. Alikuwa ameupa ukuta ubavu na macho yake yako kwenye majani ya chini, kwenye jani moja hasa, nadhani.

Islaw alitandika gunia la mchele akaanza kuweka juu yake. Kwanza mpira wa kiunoni wa kaptura, umekauka umekuwa mgumu. Kisha rozari ya plastiki, bado ya buluu. Kisha akaanza kuweka vile vingine, polepole, maana ni mtu mwema, akivipanga vinavyofuatana.

"Kuna nini?" Siang aliniuliza.

Watu wote walikuwa wananitazama. Maneno niliyojipangia sikuyaona hata moja.

"Mifupa, dada."

Akauliza tena, sauti ileile, kama anauliza bei. "Na nyuzi?"

"Hakuna nyuzi."

Nilidhani ataanguka. Mama yangu alikwisha kusogea nyuma yake na mikono imefunguka. Siang aligeuka. Akatazama gunia. Akachuchumaa, chupa ikiwa bado mkononi, Dikoy akaichukua vidoleni mwake na yeye akaiachia kama mtoto aliyelala anavyoachia kitu. Alikaa hivyo. Islaw alimaliza kupanga, akakiweka kichwa mwisho, upande wa juu, akafuta mikono kwenye suruali na kurudi nyuma. Kwenye taya kulikuwa na meno mawili makubwa ya mbele na nafasi pembeni yake ambazo hazijajaa.

"Ni mdogo," Siang akasema.

"Alikuwa na miaka tisa, Siang," Dikoy akasema.

"Najua." Akanyoosha kiganja juu ya mfupa wa chini ya kiwiko, bila kuugusa, kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole, na mfupa ukazidi kidogo tu. "Nilimwacha akakua. Ni mdogo hivi."

Mwenye duka alikuwa amesimama na mwanawe, yule aliyekuwa darasa moja na Arniel. Ni kijana sasa, ana kivuli cha ndevu. Nilimwona anarudi nyuma ya mgongo wa baba yake, kana kwamba urefu wake umekuwa utovu wa adabu.

Islaw akauliza kwa sauti ya chini wanamweka wapi. Dikoy akasema kwa bibi yake Arniel, tundu la tatu kule. Halafu watu wakatazamana, kwa sababu mifupa huoshwa na kuvikwa kitambaa cheupe, na kila mtu alijua kwamba Siang amekuja na mafuta ya taa na kibiriti tu. Mama yangu alianza kufungua kitambaa chake cha kichwani. Dikoy akamzuia kwa mkono. Alifungua ule mfuko wa kamba, akatoa foronya mpya ya mto, nyeupe, bado ina mikunjo ya dukani, na chupa ya siki ya nazi ya kuoshea. Hakusema alivinunua lini. Vumbi la miwa lilikuwa kwenye mikunjo.

Siang aliitazama foronya, kisha akamtazama mume wake usoni, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimtazama.

"Ulijua."

"Mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati," Dikoy akasema.

"Mbona hukuniambia?"

Dikoy alifikiri. Ni mtu wa kufikiri polepole. "Ulikuwa unampelekea chakula," akasema. "Mimi sikuwa na la kumpelekea."

Siang akachukua siki. Akaosha yeye mwenyewe, moja moja, akianza miguuni, akimpa Dikoy naye akifuta na kutia ndani ya foronya. Hakuharakisha. Watu walianza kuondoka kimyakimya, wa nyuma kwanza, maana hapakuwa na la kuona tena. Karanga za watoto zilikuwa zimekwisha. Nilibaki kwa sababu sikuambiwa niende. Nilipomtazama vidole nikaona vinafanya kazi vilevile kama kwenye mkeka, haraka ya kadiri, bila kukosea, na macho yake hayakuwa barabarani.

Foronya haikujaa hata nusu.

Walipomaliza na Islaw alipokuwa anaziba kule kwa bibi yake, Siang alikwenda mpaka kwa Bibi Turing chini ya mwavuli. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwomba aje kuwaongoza sala za siku tisa. Bibi Turing akasema atakuja, mwanangu, hata leo. Kisha akasita. Mzee yule anajua sala zote lakini hili halijamtokea. Siku tisa huhesabiwa kuanzia siku ya kufa, na siku ya kufa ilikuwa mbali sana, sala zake zingekuwa zimekwisha hata kabla hazijaanza.

"Sasa nihesabu tangu lini?" akauliza.

Siang alimwangalia kana kwamba Bibi Turing mwenyewe ndiye aliyekuja na jibu.

"Tangu leo," akasema. "Amekufa leo."

Bibi Turing akaitikia kwa kichwa. Alifunga mwavuli wake ingawa jua lilikuwa kali.

Jioni mapema, kabla ya taa kuwashwa, tulikaa kwa Siang, wanawake kwenye mikeka na wanaume nje kwenye benchi na chupa ya tembo la mnazi. Mama alikuwa amepika uji wa mchele na kuku kwa ajili ya wageni. Niliketi karibu na mlango ili Kikay apate hewa. Alikuwa amelala mapajani mwangu, mdomo wazi. Siang aliketi pembeni yangu. Aliitikia sala pamoja na wote, sauti yake si ya juu, si ya chini, wala hakupotea mahali. Bibi Turing akafika pale ambapo jina la marehemu hutajwa. Akalitaja lote, Arniel na jina la ukoo. Huko nje nilimsikia Dikoy akiweka glasi chini.

Siang alikuwa akimfukuza nzi usoni mwa mwanangu.